Kumficha mke hali ya mali: je, uongo baina ya wanandoa umeruhusiwa?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Miezi saba iliyopita niliachishwa kazi, na mpaka leo sijamwambia mke wangu. Kila asubuhi huondoka nyumbani kama kawaida na kurejea jioni. Mwanzo nilikopa kwa marafiki, kisha nikaanza kutumia akiba ya mke wangu aliyoniachia nimtunzie, naye akiniuliza humjibu kuwa ipo salama. Rafiki yangu amenituliza kwa kusema kwamba Mtume (s.a.w.) ameruhusu mume kumwambia mkewe uongo ili kuilinda ndoa. Je, hayo ni kweli? Na ikiwa ni lazima nimwambie, nimwambie mwenyewe au nimtume mtu mzima?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Maswahaba zake.

Ndugu yangu, kupoteza kazi si dhambi, na hakuna katika sheria anayelaumiwa kwa riziki iliyopungua. Mwenyezi Mungu amesema katika Suratut Talaq, aya ya 7, kwamba mwenye wasaa atoe kwa kadiri ya wasaa wake, na aliyedhikishiwa riziki yake atoe katika kile alichopewa. Kwa hiyo mkeo hakuwa na haki ya kukudai zaidi ya uwezo wako, na mzigo ulioubeba kwa miezi saba hukutwishwa na dini. Nalisema hili mwanzo kwa sababu naona hofu ndiyo iliyokufikisha hapo ulipo, wala si nia mbaya.

Ama hadithi aliyokusomea rafiki yako, ina asili. Imamu Muslim ameipokea kutoka kwa Ummu Kulthum binti Uqba (r.a.), na ndani yake mna ruhusa katika mambo matatu: vita, kusuluhisha watu, na mazungumzo ya mume na mkewe. Lakini hadithi huchukuliwa pamoja na ufafanuzi wa wajuzi wake. Imamu Nawawi, alipoisherehesha, ameeleza kwamba makusudio ni kuonyeshana mapenzi na kuahidiana mambo yasiyo ya lazima, kama mume kumwambia mkewe kwamba hajaona mzuri kuliko yeye. Ama hadaa ya kuzuia haki ya mwenzio au kuchukua kisichokuwa chako, hiyo ni haramu kwa makubaliano ya Waislamu wote. Ibn Hajar naye amenukuu makubaliano hayo hayo. Sasa jipime mwenyewe: fedha ulizozitumia ni zake, alizokuamini nazo, na jibu lako kwamba zipo salama ndilo lililokuwezesha kuendelea kuzichukua. Hapo rafiki yako amekosea, na ruhusa hiyo haikufuniki.

Fedha hizo ni amana, na Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Suratun Nisaa, aya ya 58, amana zirudishwe kwa wenyewe. Huenda ukasema kwamba zimeliwa humo humo nyumbani, yeye na watoto wakiwa miongoni mwa waliokula. Hilo halibadilishi hukumu, kwa kuwa matumizi ya nyumba yalikuwa juu yako. Katika sura hiyo hiyo, aya ya 4, mume ameruhusiwa kula sehemu ya mahari ya mkewe pale tu mke anapoitoa kwa radhi ya nafsi yake, na mtu hawezi kuridhia jambo asilolijua.

Ningependa ulitazame jambo hili kwa upande wake, kwani naona ndipo penye uzito mkubwa zaidi. Zaynab, mke wa Abdullah bin Mas'ud (r.a.), alikuwa na mali na mumewe alikuwa na uhaba. Alikwenda kumuuliza Mtume (s.a.w.) kama sadaka yake itatosha akimpa mumewe na mayatima anaowalea, akajibiwa kwamba ana ujira mara mbili: ujira wa ujamaa na ujira wa sadaka. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Aliyapata hayo kwa kuwa aliijua hali ya mumewe. Mkeo ametoa kama alivyotoa Zaynab, pengine zaidi, lakini umemnyima nafasi ya kunuia, ya kukubali au kukataa, na hata ya kukuombea dua. Mwanamke anayelala karibu nawe usiku amekuwa mgeni wa shida yako mwenyewe.

Mtume (s.a.w.) hakuishi hivyo na wakeze. Aliporudi kutoka pango la Hira akitetemeka, alimwambia Khadija (r.a.) yote yaliyomfika, akakiri mbele yake kwamba ameiogopea nafsi yake, naye Khadija akamjibu kwamba Mwenyezi Mungu hatamfedhehesha kamwe. Na Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria, Waislamu walipozuiwa kuingia Makka kwa umra na Maswahaba wakasita kuchinja na kunyoa, aliingia kwa Ummu Salama (r.a.) akamweleza, na ushauri wake ndio uliofungua njia. Ikiwa mbora wa viumbe hakuona unyonge kumfunulia mke hofu yake, mimi na wewe tutaona unyonge gani?

Kuhusu deni, Mtume (s.a.w.) alikuwa akijikinga nalo kwa Mwenyezi Mungu katika sala, na alipoulizwa sababu alisema kwamba mtu akidaiwa husema akaongopa, na huahidi akavunja. Nadhani umeyaona hayo kwa macho yako, kwamba kila siku uongo wa jana umetaka mwingine wa kuushikilia.

Basi ni wajibu wako kumwambia, na umwambie wewe mwenyewe. Ndugu zake na wazee hawana haki ya kulijua hili kabla yake, na kulisikia kutoka kwa mtu wa tatu kutamwongezea jeraha. Wasuluhishi waliotajwa katika Qur'ani ni kwa pale panapohofiwa mfarakano, nanyi hamjafika huko. Chagua saa ambayo watoto wamelala na hapana ugomvi. Andika kwanza madeni yote na kiasi chote ulichochukua katika akiba yake, kisha umweleze kwa mara moja bila kumbakishia kitu cha kugundua baadaye. Omba msamaha, ukiri kwamba fedha hizo ni deni juu yako mpaka azisamehe kwa hiari yake, wala usimharakishe kusamehe kwa kumsomea aya za subira.

Huenda akakasirika, na ana haki. Kaab bin Malik (r.a.), alipobaki nyuma katika vita vya Tabuk mwaka wa 9 Hijria, alikuwa na ulimi wa kutunga udhuru, lakini alimwambia Mtume (s.a.w.) kwamba akimridhisha leo kwa uongo, Mwenyezi Mungu yu karibu kumfanya Mtume amkasirikie, na akimwambia kweli itakayomuudhi, anatumaini msamaha wa Mwenyezi Mungu. Alisema kweli, kisha akasuswa kwa siku 50 kabla ya toba yake kuteremka. Nawe jiandae kwa siku nzito. Katika siku hizo, asubuhi ukitoka, mwambie unakokwenda kutafuta kazi, na jioni mweleze ulichopata na ulichokosa.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.