Kamera ya gari haikumwona mwizi, ilinisikia mimi

Juzi dada mmoja wa Njiro kaniandikia: vibaka wamemng'olea taa ya Harrier yake nje ya saluni, anauliza anunue kamera gani. Dada yangu, kabla hujatoa hela kaa nikusimulie.

Noah langu lilikuja kutoka Japani na kamera yake kiooni. Ukiwasha gari, mwanamke anakusalimia Kijapani. (Wengi mnaye yule anayedai kadi ya ushuru wa barabara wa Japani, mimi ninao wawili.) Nilitamba Soweto nzima, hii yetu ya Moshi, kwamba gari langu lina mlinzi.

Jumamosi moja nikaegesha sokoni Mbuyuni nikanunue ndizi mshare. Kurudi, vioo vya pembeni vyote viwili hakuna, nyaya zinaning'inia. Sikulia. Kamera si ipo! Kesho yake tukiwa Kibosho kwa mama mkwe, shemeji akachomoa memori kadi, akaichomeka kwenye laptop, ukoo mzima umejazana sebuleni kama wanaangalia mpira.

Mwizi hakuwemo. Kamera ilikuwa inakula umeme wa tundu la kiberiti, ukizima gari nayo inalala. Halafu kadi ikijaa, video za zamani hufutwa zenyewe, isipokuwa gari likipata mshtuko: kipande hicho hufungiwa folda yake na hakifutwi, maana kamera inadhani ni ajali. Sasa njia ya kwetu Kibosho kila shimo ni ajali. Na kwenye kila shimo mimi nilikuwa naongea na dada yangu aliyekaa pembeni. Shemeji akafungua faili la kwanza: "...eti mtori wangu maji matupu, kwani nampikia mgonjwa?" La pili naiga sauti ya mama mkwe mwenyewe. La tatu siliandiki hapa.

Mama mkwe hakusema neno. Alinyanyuka akaenda kukata majani ya ng'ombe, na nguo za kanisani. Wifi ndiye aliyesema, na miezi mitano sasa bado anasema.

Kwa hiyo: zima sauti. Ukitaka kamera ilinde gari lililozimwa, fundi umeme avute waya kutoka boksi la fyuzi, aweke na kifaa cha kukata umeme betri ikishuka, la sivyo asubuhi utasukumwa. Chonga namba ya gari kwenye vioo na taa. Mimi nilichonga baada ya kuibiwa. Ukipeleka gari gereji au ukiliazimisha, chomoa kadi. Na zima sauti.

Wenye magari mapya ya kamera za kiwandani msinicheke. Aprili 2023 Reuters waliripoti kwamba wafanyakazi wa Tesla, kati ya 2019 na 2022, walitumiana wao kwa wao video zilizonaswa na kamera za magari ya wateja. Mimi angalau walionisikiliza ni ndugu. Sisi Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, ila haikumfuata shemeji sebuleni. Wanawake wenzangu, tunaweka masikio ndani ya magari halafu tunayasahau! Abiria wako mwambie. Mama uliyempa lifti akitoka kliniki, mwambie, mambo yake si ya kadi yako.

Dada wa Njiro, ukishanunua nipigie picha ya menyu, nikuonyeshe pa kuzima sauti. Ikiwa ya Kijapani usihangaike, ile alama ya maikrofoni sasa naijua hata gizani.