Barua kwa mwanangu: zabibu za mwaka ule

Mwanangu,

Umeniuliza kama msongo wa mawazo unaweza kuvunja ndoa. Tangu mwenzako apunguzwe kazi hamzungumzi, nawe unafikiria baraza la usuluhishi. Baraza lipo, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mpite huko kabla ya kuomba talaka mahakamani. Lakini mimi swali lako limenirudisha kwenye zabibu.

Ukame ule wa kuingia 2006, ulikuwa darasa la kwanza. Mtama ulikauka, tukabaki kutegemea zabibu za shamba la Mpunguzi, Dodoma. Mnunuzi aliyetuahidi hakuja, na zabibu haimsubiri mtu. Zilichacha kwenye kreti, nyuki wakajaa uani. Baba yako akaacha kulala. Siku moja nikamwomba hela ya sukari tu, akanijibu mbele yako: "Kamwombe baba yako." Mpaka leo nikikoroga chai nalisikia neno lile.

Nikakushika mkono tukaenda Bahi kwa bibi yako. Moyoni nilishaamua kuwa baba yako ana mwanamke mwingine. Siku ya tisa akaja, vumbi hadi kwenye nyusi, akaketi kwenye kigoda. Aibu yote ya kumsemesha mkwe ikamtoka: "Mama, nadaiwa laki sita za dawa na mbolea." Mimi hakuwahi kuniambia. Siku tisa nzima nilikuwa nagombana na mwanamke asiyekuwepo!

Ndiyo maana nasema kila siku, shida hugombana na aliye karibu. Asiyelala wiki tatu mwili wake hukaa kama wa anayewindwa; ukimsalimia, anasikia unamdai. Shida hugombana na aliye karibu, mwanangu.

Lakini hilo nalo lisiwe kamba ya kukufunga. Shangazi yako alizisingizia shida miaka kumi, kumbe zile ngumi hazikuwa na deni lolote. Mkono ukiinuliwa, njoo nyumbani siku hiyo hiyo. Hapo sina mjadala. Na nikuambie kweli, mimi nilirudi kwa sababu alinifuata. Asingenifuata, pengine ningebaki Bahi, na pengine ningekuwa sawa.

Hapa nilikuwa nimeandika nionavyo mimi. Nimekata, ingawa mkono ulikataa. Ndoa ni yenu. Ila katika kurasa zako nne umenitajia kodi ya nyumba, ukimya wake na usingizi wake. Anadaiwa kiasi gani, na nani? Umemuuliza?

Mama yako