Shindano la insha la Jumuiya ya Madola: umri na ada

Mmeuliza kama mwanafunzi wa kidato cha nne anaruhusiwa kushiriki shindano hili, na kama ni kweli kuna mtu anayestahili kulipwa "hela ya usajili". Ndiyo, wa kidato cha nne anaruhusiwa, na hakuna ada yoyote. Shindano la insha la Queen's Commonwealth, linaloendeshwa na Royal Commonwealth Society, shirika la hisani la Uingereza, tangu 1883, halitozi hata senti, kwa hiyo huyo anayewaomba wazazi hela hiyo msimpe kitu. Kigezo ni umri, si darasa: walio chini ya miaka 14 wanaandika kundi la wadogo, mwisho maneno 750, wa miaka 14 hadi 18 wako kundi la wakubwa, mwisho maneno 1,500. Nimewasimamia wanafunzi wa shule yetu kushiriki, na masharti huwa yanatoka pamoja na mada kila mwaka. Mada zenyewe ni za jamii: amani, vijana, mazingira, mambo ya namna hiyo. Si lazima iwe insha kavu, hata shairi, barua au hadithi inakubaliwa, na kwa watoto wetu waliolelewa na mashairi naona hapo ndipo penye nafasi nzuri zaidi.

Ila inaandikwa kwa Kiingereza. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zimo kwenye Jumuiya ya Madola. Burundi na Kongo hazimo, lakini mkaazi wa nchi mwanachama anahesabika pia, hata kama si raia wake, kwa hiyo Mkongo anayeishi na kusoma Nairobi aandike tu. Tarehe ya mwisho angalieni kwenye tangazo la mwaka husika, msifuate picha za WhatsApp za mwaka jana.