Kabla Hujakaa Mbele ya Watu

Mwezi huu vijana wawili wamenijia, kila mmoja kwa wakati wake, na swali moja: ustadhi, nifanyeje niwe mwalimu wa watu kiroho? Mmoja amehifadhi juzuu nyingi za Kurani, mwingine ana sauti ya kasida inayoliza watu. Wote nimewasimulia habari ya mtoto niliyemkosea.

Nilikuwa na miaka 26, nasomesha darasa baina ya magharibi na isha hapa Bagamoyo, upande wa Mji Mkongwe. Watu wazima walinipa mkono kwa unyenyekevu, wengine wakiubusu, nami nikazoea. Jioni moja mtoto wa miaka tisa akasoma Alhamdu, sura ya kwanza ya Kurani, ile ha ya kooni akaitoa nyepesi kama he. Nikamsahihisha, akarudia vilevile. Mara ya nne nikamtolea maneno mbele ya wenzake, na mama yake nikamtia humo. Sikumpiga, kwa hiyo usiku ule nililala nikijiona mpole.

Hakurudi. Baada ya majuma kadhaa nikamkuta sokoni pwani anapara samaki kwa ujira. Akaweka kisu chini, akafuta mkono kwenye kaptura, akasema, "Shikamoo, mwalimu." Marahaba ilinikwama kooni.

Nikaenda kwa sheikh wangu. Alikuwa barazani anadarizi kofia. Nikamweleza kwa urefu, nikatia na nyudhuru: watoto walikuwa wengi, nilikuwa nimefunga siku ile. Akavuta uzi mpaka ukaisha, akauliza, "Umemtaka radhi?" Nikasema, sheikh, yule si mtoto tu? Akarudi kwenye kofia yake, hakunena tena mpaka ikaadhiniwa.

Kesho yake nilikwenda kumtaka radhi, yeye na mama yake. Kisha sheikh akanitoa darasani mwaka mzima. Kazi yangu ikawa kujaza birika la udhu na kuosha mikeka.

Kurani inaitaja nafsi iamrishayo maovu katika Sura Yusuf, nafsi ijilaumuyo katika Al-Qiyama, na nafsi iliyotua katika Al-Fajr. Nilizijua kwa tafsiri na nilikuwa nikizisomesha. Lakini nilikutana nazo kati ya kisima na birika. Mtu aliyekuwa akinibusu mkono alinipita nikiwa na ndoo yangu, bila salamu, na kitu kifuani kikafoka: huyu hanijui? Ndiyo hiyo ya kwanza. Ya pili ilikuja usiku. Ya tatu naisikia harufu yake tu, mpaka leo.

Katika mwaka ule nilimfikiri sana Sheikh Ramiya wetu, aliyefariki mwaka 1931. Aliletwa pwani mtumwa kutoka upande wa Kongo, akasoma, akaja kuwa khalifa, yaani kiongozi, wa tarika ya Kadiria na mwalimu wa mji huu. Watu hupenda kusimulia cheo chake na wafuasi wake. Mimi navutwa na miaka ya nyuma, alipokuwa hamiliki hata siku yake mwenyewe. Mtu wa namna ile akiizuia nafsi yake, hakuna anayemwona wala kumsifu. Naamini ualimu wake ulianzia huko, kabla ya ijaza yoyote, yaani idhini ya kusomesha.

Basi wewe unayetaka kukaa mbele ya watu, kwanza muulize mkeo, au mama yako, au mdogo wako unayemtuma dukani, unakuwaje ukichelewa kupewa chakula. Usimkatize akijibu. Tafuta kazi ya msikitini isiyo na kipaza sauti, uifanye muda mrefu. Mtume (s.a.w.) ametufunza kwamba mwenye hasira akiwa amesimama akae, na isipomtoka alale. Mimi nilikuwa nimekaa tayari. Ilikuwa nijilaze pale pale mkekani mbele ya watoto, na ingekuwa heri. Na wewe unayetafuta mwalimu, usimpime kwa machozi ya watu kwenye mawaidha yake. Mtazame anavyokuwa kondakta anapomzungusha chenji yake, au mwanafunzi anapomkosoa aya.

Sheikh aliponirudisha darasani, nilimpelekea habari yule mtoto kwamba nafasi yake ipo. Alishaanza kusoma kwa mwalimu mwingine, mtaa wa pili. Ilikuwa haki yake. Nilipita huko siku moja kabla ya isha, nikasimama nje ya dirisha, nikamsikia akisoma Alhamdu. Ha aliitoa kooni, safi.