Wadogo zangu mnaoanza kurekodi Injili, kaeni kwenye kinanda chenu

Hunijia vijana, wengi wao kutoka kwaya za usharika, wakiwa na biti kwenye flashi na maneno ya wimbo kwenye simu. Wanataka niwasaidie kuingiza sauti. Kabla sijawasha maiki huwauliza swali moja: wimbo huu ukiupiga mwenyewe, bila hiyo biti, unaupigaje? Wengi hunyamaza. Siwalaumu. Wameambiwa kwamba sauti ndiyo kila kitu na mengine yote ni kazi ya prodyuza. Hata mimi niliamini hivyo kwa muda mrefu, hadi nilipokaa na kusikiliza rekodi za Aretha Franklin, yule mwimbaji wa Marekani, kwa mpangilio wa miaka, tangu alipokuwa binti mdogo. Sauti ilikuwa nzuri tangu mwanzo kabisa. Lakini kuna miaka haikufika popote, na kuna siku moja tu ilipofunguka. Nataka muijue siku hiyo kabla hamjasaini karatasi ya mtu yeyote.

Alizaliwa Memphis mwaka 1942 na kukulia Detroit, ambako baba yake, Mchungaji C. L. Franklin, aliongoza kanisa la New Bethel Baptist. Mahubiri ya baba yake yalikuwa yakiuzwa kwenye santuri, kwa hiyo binti alikua akiona mashine za kurekodi zikiingia na kutoka kanisani. Waimbaji wa Injili kama Clara Ward na James Cleveland walikuwa wageni wa nyumbani. Piano alijifunza kwa sikio. Mwaka 1956, akiwa na miaka 14, alirekodiwa palepale kanisani, akiimba huku akijipigia mwenyewe. Moja ya nyimbo hizo ni "Never Grow Old". Itafuteni muisikilize hadi mwisho: waumini wanamwitikia, naye anajua amngoje nani na ampite nani. Ustadi huo haupatikani kwenye chumba chenye maiki na kioo. Ukiwa bado huna hela ya studio, weka simu kwenye benchi la tatu wakati wa ibada, ujirekodi, kisha usikilize ukiwa peke yako. Utasikia ni wapi watu walikuitikia na ni wapi walikuvumilia.

Mwaka 1960, akiwa na miaka 18, aliingia mkataba na kampuni ya Columbia kupitia John Hammond, mtu mwenye sikio kali. Alikaa nao takriban miaka sita. Waliomrekodi walimpenda kweli, ila kila santuri ilimvuta upande wake: huku jazi, kule nyimbo za maigizo ya jukwaani, kwingine nyimbo za taratibu zenye okestra ya fidla nyuma. Zipo nzuri mno. Sikubaliani na wanaosema miaka ile ilipotea bure, maana ndiko alikojifunza kuimba chini chini na kuacha nafasi. Lakini mara nyingi alisimama mbele ya mpangilio ulioandikwa na mtu mwingine, akaujaza kwa sauti yake. Wasikilizaji hawakujua wamweke wapi. Ndiyo maana nawasihi: mtu akikuambia anaipenda sauti yako, mshukuru, kisha umuulize ameisikia ikifanya nini. Akikujibu tu kwamba una sauti kubwa, bado hajakusikia.

Sasa ile siku. Mkataba ulipokwisha alihamia kampuni ya Atlantic, na mwezi Januari 1967 prodyuza Jerry Wexler akampeleka Muscle Shoals, mji mdogo jimboni Alabama, kwenye studio iitwayo FAME. Wapigaji walikuwa vijana Wazungu wa Kusini mwa Marekani. Wimbo ulikuwa "I Never Loved a Man", na hapakuwa na okestra wala mpangilio wa kurasa kumi. Mpiga kinanda wa siku hiyo alikuwa Spooner Oldham. Aretha alipokaa kwenye piano, Oldham alimwachia, akahamia kwenye piano ya umeme, na huko akapata ile sauti ya kufungulia wimbo inayoendelea kama mtu anayetembea amechoka. Kuanzia hapo kila mpigaji alimfuata Aretha. Ngoma inamngoja amalize neno, gitaa linajibu pale mkono wake unapopumzika. Ni mfumo uleule wa ibada, ila waitikiaji sasa wameshika vyombo.

Nawaombeni mlisikie hili kwa makini, kwa sababu ndilo linaloniuma nikiwaona mmesimama mbele ya biti msiyoijua. Si lazima uwe fundi wa piano. Kama unajua kodi (chords) nne za kinanda, zipige hizo nne. Kama hupigi chombo chochote, njoo na mpiga kinanda wa kwaya yako, yule anayejua kwamba ukifika beti la pili huwa unachelewa kidogo. Umpe prodyuza wimbo ambao tayari unapumua, halafu afanye kazi yake juu ya pumzi hiyo. Na ufunguo (key) wa kuimbia uchague wewe. Nimeona mabinti wakiumia koo kwa kuimba kwenye ufunguo wa biti iliyotengenezewa mwanaume.

Kikao kile cha Alabama kiliishia vibaya. Pombe ilikuwapo, mume wake akagombana na mmoja wa wapiga tarumbeta, na usiku ukaharibika kabisa. Waliondoka na wimbo mmoja uliokamilika na mwingine, "Do Right Woman, Do Right Man", ukiwa mifupa mitupu. Walichokuwa nacho hawakukitupa. Kule New York Aretha aliuongezea piano na ogani kwa mikono yake, dada zake wakaimba naye, na leo ukiusikia huwezi kudhani ulianza kwa ugomvi. Basi studioni msiende na msafara. Wanaopiga, wanaoimba na fundi wanatosha.

Tarehe 14 Februari mwaka huohuo alirekodi "Respect". Wimbo ni wa Otis Redding, aliyeutoa mwaka 1965 kama malalamiko ya mwanaume anayerudi nyumbani. Aretha na dada yake Carolyn waliugeuza. Ile sehemu ya kutaja herufi moja moja haikuwamo kwa Redding kabisa. Ukafika namba moja Marekani. Lakini kule Marekani redio za kawaida zinapopiga wimbo hulipa upande wa mtunzi, aliyeimba halipwi. Mtunzi kwenye karatasi ni Redding, kwa hiyo mirabaha ya redio ilikwenda kwake, na baada ya kifo chake Desemba 1967 ikaenda kwa warithi wake.

Yalinikuta mimi pia, kwa kiasi changu kidogo. Nilikaa na mwimbaji mmoja usiku kucha, nikabadili kiitikio chake na kuongeza kipande cha kukiingilia. Wimbo ulifika mbali, hadi kwenye harusi za watu nisiowajua nilikuwa nauimba na machozi yananitoka. Jina langu halikuandikwa popote. Hakuniibia, hatukuwa tumeandika kitu. Kwa hiyo kabla hamjatoka studio, hata kama ni saa nane usiku, chukueni karatasi: nani ametunga maneno, nani tuni, nani kiitikio, na kila mmoja ana sehemu gani. Wote msaini, kila mtu aipige picha. Kisha mkasajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mkiwa Tanzania, au kwenye chama husika cha nchi yenu. Msione aibu kwa sababu ni nyimbo za Mungu. Bwana harusi anamjua Mungu na bado anatia sahihi cheti.

Mambo ya fedha Aretha aliyachukulia kwa uzito. Alitaka alipwe fedha taslimu kabla hajaimba, na mkoba wake hakuuacha mbali. Hata hivyo, alipofariki Agosti 2018 wanawe waliishia mahakamani kwa sababu ya wosia. Karatasi alizoziandika kwa mkono zilikutwa nyumbani, mojawapo kwenye kochi, na uamuzi ulitoka mwaka 2023. Mwenye nyimbo hata tatu zinazoingiza kitu aandike wosia mbele ya wakili.

Nimeacha mwisho ninachokipenda kuliko vyote. Januari 1972, akiwa na miaka 29 na jina lake likiwa juu kabisa, alirudi kurekodi Injili, na hakuipeleka studio. Alienda kanisa la New Temple Missionary Baptist, Los Angeles, usiku wa tarehe 13 na 14, na James Cleveland na kwaya ya Southern California Community Choir chini ya mwalimu Alexander Hamilton. Wapigaji wake wa kawaida, kama Bernard Purdie kwenye ngoma na Chuck Rainey kwenye besi, walikuwapo. Msidhani yaliyosikika yalishuka ghafla tu: kwaya na bendi walifanya mazoezi kwanza, kila mtu akajua sehemu yake, ndipo Roho akapata njia ya kupita. Katika "Amazing Grace", wimbo wa karibu dakika 11, Cleveland alizidiwa na machozi, akaacha piano na kufunika uso. Hamilton akakaa kwenye kiti kile na wimbo ukaendelea. Fundisheni wimbo wenu kwa mtu wa pili.

Albamu hiyo iliuza zaidi ya nakala milioni mbili, kuliko nyingine yoyote aliyoitoa. Picha za filamu zilizopigwa siku hizo zililala miongo kadhaa kwa sababu wapiga picha hawakutumia kile kibao cha kugonga mwanzoni ili picha na sauti zilingane; filamu ilionekana 2018. Mkirekodi kwa video, pigeni kofi moja mbele ya kamera kabla ya kuanza. Inatosha.

Wimbo unaofunga albamu ni "Never Grow Old", uleule aliorekodi akiwa na miaka 14. Baba yake yumo kanisani, Clara Ward yumo. Aretha anakaa mwenyewe kwenye piano, na kwa dakika kadhaa hana haraka ya kufika popote.