Kwa mliochaguliwa kamati ya vijana: anzeni na yule ambaye hajasema kitu

Bwana Yesu asifiwe wadogo zangu. Naona kamati mpya za vijana zimeshasomwa kwenye sharika nyingi hapa Moshi, na wengine mmeanza kunitumia meseji mnauliza mnaanzia wapi na hii ishu ya huduma na kusaidiana, nikaona niandike mara moja kuliko kumjibu kila mtu peke yake. Mi nimekaa kwenye kamati, nimeshika uhazini, sahivi ni mlezi tu wa pembeni, kwa hiyo chukueni kama maneno ya dada yenu aliyepita njia hiyo, yatakayowafaa mchukue mengine mwache.

Wengi mkichaguliwa tu mnawaza tukio. Safari ya kituo cha watoto, tisheti zimeandikwa mgongoni, unga na sabuni, picha za kutosha za kurusha status. Sio vibaya, nendeni. Ila kabla hujapanga safari ya kwenda kugawa unga, geuka uangalie benchi lako la vijana Jumapili, ni nani alikuwepo mwezi uliopita na sasa hayupo. Kijana wa huku kwetu hakwambii hana hela. Atakwambia nyumbani walikuwa na wageni, atakwambia kichwa kilimuuma, atakwambia yuko bize. Baadaye anapotea kabisa, nyie mnakaa mnasema amepoa kiroho, mnamuweka kwenye maombi ya Ijumaa, kumbe kilichomtoa ni sare ya kwaya.

Hiyo sare ngoja niiongelee maana ndo inaondoa watu wengi kuliko shetani. Kwaya ina uimbaji wa jimbo, kamati inakaa jioni moja inaamua kitenge kipya, kila mtu alete hela ya kitambaa na ya fundi ndani ya wiki tatu. Kwa kaka aliyeajiriwa hapo mjini hiyo hela ya kawaida. Kwa binti anayemsaidia mama yake kuuza mitumba soko la Memorial huo ni mtaji, akiutoa wiki hiyo hawaagizi mzigo. Na hatafungua mdomo. Siku ya kuimba utasikia anaumwa.

Halafu njoo kwenye ile orodha ya WhatsApp. Mnaijua vizuri. Namba moja mpaka thelathini na kitu, jina, kiasi, tiki ya kijani, na kila anayelipa anakopi anapesti upya na kuongeza tiki yake, basi ile orodha inashuka kwenye grupu asubuhi mchana jioni. Mwenye jina lisilo na tiki anaiona kila ikishuka. Siku za mwisho mhazini anaandika "wapendwa wale ambao bado tunaomba mjitahidi" na wote humo ndani wanajua ni wale wanne, hata majina hayahitajiki. Saa nne usiku unaona fulani ameondoka kwenye grupu, hakuna anayeuliza, kesho yake asubuhi mtu anatuma tu neno la siku na amina zinafuatana. Jamani hiyo orodha ifuteni, na ifuteni kwenye kikao cha kwanza kabisa kabla hamjaizoea.

Badala yake fanyeni hivi. Kila anayechangia atume kwa mhazini moja kwa moja, mhazini aandike kwenye daftari, na mtu wa pili mmoja tu ndo alione hilo daftari, mlezi au katibu. Kwenye grupu itangazwe jumla peke yake, tumefika hapa bado hapa. Wenye uwezo waambiweni pembeni waongeze kidogo juu ya kiwango chao bila kuambiwa inaenda kwa nani, na wala wasiulize. Kisha fundi alipwe kwa mkupuo, sare zote zije kwenye mfuko mmoja, kila moja na karatasi ya jina, zigawiwe siku moja kwa mtindo mmoja. Yule binti wa Memorial anachukua yake kama alivyochukua mtoto wa daktari. Hapo umemsaidia na hakuna aliyemuona akisaidiwa, ikiwezekana hata yeye mwenyewe asijue ni nani aliyemlipia.

Yohana 13 ya kuosha miguu mnaifahamu, kila semina ya vijana inasomwa, sirudii. Mi napenda mkasome Matendo 6. Kanisa limeanza kukua, watu wanakula pamoja, na manung'uniko yanazuka kwa sababu wajane wa Wayunani walikuwa wanasahauliwa kwenye huduma ya kila siku. Hakuna palipoandikwa kwamba chakula kilikuwa hakitoshi. Kulikuwa na watu ambao mgao hauwafikii, na mitume wakaona hilo jambo ni zito kiasi cha kuchagua watu saba wenye sifa njema, wamejaa Roho na hekima, kwa ajili ya meza. Roho na hekima kwa ajili ya kugawa chakula! Sasa we mhazini unayejiona umepewa kazi ya kudai michango tu wakati wenzio wanahubiri, soma tena hiyo sura taratibu.

Kitu kingine ambacho kamati za hapa Moshi zinakisahau kila mwaka, na wa Arusha pia nadhani, ni ratiba ya mlima Kilimanjaro. Vijana wetu wengi wa kiume ni wapagazi wa kubeba mizigo ya watalii, wale tunaowaita wagumu. Mtu akipanda njia ya Machame ni siku sita au saba, akiondoka Jumatano Jumapili hii humuoni, anashuka Mweka mabega yamechubuka na mzigo wa kilo 20, akilala siku mbili anaitwa tena. We unamwandika mtoro. Mwingine anarudi kampuni bado haijamlipa, tipu imegawanywa kidogokidogo, lakini nyie mnamuona ametoka mlimani mnajua ana hela.

Sasa piga hesabu ya kambi ya Pasaka. Pasaka inaangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25, yaani ndani ya masika, na masika ndo wageni wa mlima wanapungua mpaka vijana wanashinda vijiweni. Nyie mnatangaza mchango wa kambi mwezi Machi na mnataka ulipwe kabla ya Ijumaa Kuu, mwezi ambao mgumu hana hata hela ya vocha. Januari na Februari alikuwa nayo, hakuna aliyemwambia. Tangazeni kambi Januari, pokeeni kidogokidogo, elfu mbili, elfu tano, mhazini aandike. Atakayekuwa amefika nusu ikifika Aprili mfuko ummalizie kimyakimya. Na Aprili na Mei hizohizo ndo mida ya kumtembelea mtu nyumbani, maana yupo, na ndo kipindi anachohitaji kuona watu. Mwenye kazi ya kuezeka au kulima shamba la kanisa amwite huyo kwanza, na amlipe, msianze zile za kumwambia anamtumikia Bwana huku fundi mwingine mngemlipa.

Hili la kumlipa nalisisitiza kwa sababu kuna tabia imeingia, kila kijana asiye na kazi anafanywa mbeba viti. Maturubai yeye, spika yeye, kuosha masufuria ya harusi ya mtoto wa mzee wa kanisa yeye, mwisho anapewa soda na kuambiwa thawabu yake iko mbinguni. Utumishi ni wa wote. Mwenyekiti ndo awe wa kwanza kukunja mikono ya shati akaoshe sufuria, siku hiyo hutakuwa na haja ya kuhimiza mtu.

Misiba huku kwetu mnaijua, watu wanajaa kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la nyumbani, ndizi zinamenywa usiku kucha, vijana mnachota maji mnapanga viti, kazi nzuri na endeleeni nayo. Tatizo ni wiki ya pili. Watoto wameshapanda basi wamerudi Dar, maturubai yamefunguliwa, bibi amebaki na mjukuu mmoja na ng'ombe anayetaka majani kila siku. Hapo ndo mwende watu wawili watatu na panga, mkate majani, mjaze maji, mkae naye saa nzima. Vilevile na sikukuu, Desemba usipoteze nguvu kumtembelea bibi wa Marangu au Rombo, nyumba imejaa magari ya namba mpya na nyama inachomwa, hata kukusikia hakusikii. Nenda Februari. Na ukienda usiende na mahubiri marefu, umesikia, we mwulize anahitaji nini na umwache aongee, saa zingine anataka tu umsaidie kumpigia mwanae simu maana hiyo simu ya kitochi vitufe vimefutika.

Kitu cha kwenda nacho kipo rahisi sana. Jumapili baada ya ibada si kuna mnada pale nje, mikungu ya ndizi, mayai, kuku, parachichi, maziwa, sadaka za watu. Vijana mchange pale pale jero jero, buku buku, mnunue mkungu mmoja, hela imeingia kanisani na mkungu unaenda kwa bibi. Nimeona kikundi kinafanya hivi kila mwezi, na wazee waliposhtuka kwamba vijana wanapandisha bei mnadani wakaanza kushindana nao, mnada wa siku ile ulikuwa burudani tupu.

Hospitali nayo. KCMC ni ya rufaa ya kanda nzima, kuna wagonjwa wametoka Manyara ndani ndani, Tanga huko, ndugu aliyemleta hana mwenyeji Moshi na nauli ya kurudi keshaila. Kwaya ikiingia wodini inaimba, inaomba, inapiga picha, inaondoka. Kwanza hizo picha acheni, mtu amelala na drip hajakubali kuonekana kwenye status yako. Pili ongeeni na manesi kabla, waulizeni ni nani hana ndugu anayekuja na anaruhusiwa kula nini, sio unampelekea mtu wa sukari juisi. Tatu mwangalieni yule anayemuuguza, huwa anasahaulika kabisa. Sabuni ya kufulia, hela ya kula, namba ya simu ya mtu mmoja wa kikundi anayekaa karibu, hivyo vitu vinashinda nyimbo sita.

Sasa la hela, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Mfuko wa kusaidiana usikae kwenye simu ya mtu mmoja, hata kama ameokoka kuliko wote. Paulo kwenye 2 Wakorintho 8 anakusanya msaada kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu na anaeleza kabisa kwamba amewatuma na ndugu wengine wanaoaminiwa na makanisa, ili asije akatokea mtu wa kuwalaumu juu ya ile changizo. Kama Paulo alijilinda, we wa Majengo ni nani. Hela ipite kwa mhazini wa usharika upate risiti, kutoa kuwe na saini mbili, na taarifa isomwe kwa kamati kila baada ya miezi mitatu. Kwenye taarifa aliyesaidiwa asitajwe, andika "msaada kwa mwanakikundi" na kiasi, jina analo mlezi. Msomaji wa taarifa anataka kujua hela imeenda wapi, hana haja ya kujua ni mama yake nani aliyekosa kodi.

Na msaada kwa mabinti. Naandika wazi kwa kuwa huwa tunazungukazunguka. Kaka kiongozi anaanza na vocha, inafuata nauli ya boda baada ya mazoezi, kisha ada ya chuo, na siku moja anataka kulipwa kwa njia yake, na binti anaona hawezi kusema kwa sababu kanisa zima linamjua huyo kaka kwa moyo wa kutoa. Kwa hiyo msaada wa binti upite kwa mama mlezi, na kwa mtoto aliye chini ya miaka 18 mzazi au mlezi wake ajue. Kaka ambaye nia yake ni safi hatakasirika kwa utaratibu huu, atafurahi hela yake imefika. Akikasirika mmeshapata jibu. Mazoezi nayo yaishe mapema daladala za Uru na Kibosho zikiwa bado zipo, hapo hata hiyo habari ya nauli ya boda usiku inakufa yenyewe.

Kuhusu nyie wenyewe, usitoe mpaka unakopa. Nimeona mhazini anafidia pengo la kambi kwa mshahara wake kila mwaka na mwaka wa tatu hataki hata kusikia neno vijana. Pengo likiwepo lisemwe kwenye kikao, wazee wa kanisa wapo, na wengi wanatoa vizuri tu wakiombwa mapema na wakionyeshwa daftari.

Kikao chenu cha kwanza basi msianze na kalenda ya matukio. Chukueni orodha ya wanakikundi wa mwaka jana, pigeni mstari chini ya jina la kila ambaye hajaonekana tangu Oktoba, mgawane majina mawili mawili, na kila mtu aende kwa miguu yake, simu haitoshi. Mkirudi ndo mpange bajeti.