Jibu: Kadi mbili za lejendari zenye jina moja

Umeuliza kama unaruhusiwa kuwa na nakala mbili za kadi ileile ya lejendari (iliyoandikwa "Legendary") katika mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering. Kwenye fungu lako la kadi 60, ndiyo, hadi nne. Kikomo kiko mezani: zikiwa mbili za jina moja upande wako, unachagua moja ibaki, nyingine inaenda kaburini (rundo la kadi zilizotumika au kuondolewa) papo hapo. Haihesabiwi kuwa imeharibiwa wala kutolewa kafara, kwa hiyo hata kadi isiyoharibika haiponi. Hapo ndipo wengi hukwama! Ila uwezo unaoamshwa kadi inapoingia mezani bado unafanya kazi, na kwangu hiyo ni sababu tosha ya kucheza ya pili. Nakala ya mpinzani haihesabiwi. Kanuni ya zamani ya kuziondoa nakala zote ilikoma 2013.